Kutengeneza kisu cha mzamiaji wa uokoaji katika karakana ndogo

Kisu cha mzamiaji wa uokoaji hakianzi kuchorwa kwenye makali. Huanzia mkononi, na mkono wenyewe ni ule uliovaa glovu nene ya neoprini, uliolowa, uliochoka, ambao mara nyingi mwenyewe hauoni hata akiuleta mbele ya miwani yake. Mwishoni mwa Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri na kuzama katika kivuko cha Likoni, Mombasa, halikutolewa mpaka Oktoba 11, na miongoni mwa mambo yaliyowasumbua wazamiaji ni mkondo wa maji na kiza cha chini. Ziwa Victoria, lililomeza MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, lina sehemu nyingi za kandokando ambako maji ni mazito ya kijani, na mzamiaji aliyeshuka mita chache tu hufanya kazi kwa kupapasa. Fundi anayeikumbuka hali hiyo atafanya maamuzi ambayo mezani yataonekana ya kishamba: ncha butu, mpini mnene kuliko kawaida, rangi ya kung'aa kama koti la bodaboda. Mwongozo huu unamfuata fundi huyo kuanzia mchoro hadi jaribio la mwisho, kwa kudhani kwamba ana mashine ya mkanda wa msasa au grainda ya mkono, drili, tupa za kutosha na subira, lakini hana tanuri la kiwandani.

Kwanza, jua kitakata nini

Muulize mzamiaji atakayekitumia, wala usimkisie. Katika maji yetu majibu hufanana: nyavu, na hasa zile za uzi mmoja wa nailoni ambazo wavuvi wa Kanda ya Ziwa huziita timba, mishipi ya kuvulia, kamba za nailoni za kufungia vyombo, mikanda ya viti vya magari, yenye upana wa karibu sentimita tano na iliyofumwa kwa nyuzi za polyesta, mikanda ya jaketi la kuelea alilovaa mwathirika mwenyewe, na nguo. Kila kimoja kina tabia yake. Uzi wa timba hauonekani majini, tena huteleza juu ya makali yaliyonyooka, lakini ukinaswa ndani ya mfuo mwembamba hukatika kwa mvuto mdogo. Kamba iliyolowa inahitaji meno. Mkanda wa kiti hukatika vizuri ukiwa umekazwa, na hukunjamana ukawa donge ukiwa umelegea. Waya wa chuma haukatwi kwa kisu chochote, kwa hiyo mzamiaji anayeomba kisu cha kukata waya mwelekeze kwenye koleo la kazi hiyo.

Ni vyema pia kujua kwamba kisu hiki hakitakuwa peke yake. Wazamiaji wa uokoaji wenye mafunzo hubeba angalau vifaa viwili vya kukatia, vikiwa mahali ambapo mkono wowote unafika, na wengi huongeza mkasi wa wauguzi wenye ncha bapa, kwa kuwa mkasi hukata nguo na mkanda bila kuhitaji nafasi ya kuvuta mkono. Fundi akilijua hilo hupungukiwa na tamaa ya kutaka kisu kimoja kiwe panga, msumeno, bisibisi na nyundo kwa pamoja.

Pili, chagua chuma

Sehemu hii ndiyo niliyoikosea mimi. Kisu changu cha kwanza cha kuzamia nilikifua kwa jani la springi ya lori nililolinunua kwa mafundi wa jua kali. Kilikaza vizuri, kikanyoa nywele za mkono, nami nikajisifu. Mzamiaji aliyekichukua alikitumia baharini mara mbili, akakiacha ndani ya ala kwa wiki tatu, na alipokihitaji katika mazoezi hakikutoka. Kutu ilikuwa imevimba ndani ya ala na kukishika kama skrubu iliyozeeka, ikabidi tuipasue ala kwa msumeno. Yalikuwa mazoezi tu, na hiyo ndiyo sababu naweza kulisimulia jambo hili bila uchungu mwingi.

Chuma cha springi ni kizuri kwa panga na shoka, kwa sababu kina kaboni ya kutosha kukaza na kinavumilia kupigwa, lakini chromiamu yake kwa kawaida haifiki hata asilimia moja. Chuma huanza kujikinga na kutu pale kinapokuwa na chromiamu ya takriban asilimia 10.5 au zaidi, tena iliyo huru ndani yake. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kuzingatia. Kaboni hupenda kushikana na chromiamu na kuunda punje ngumu, na chromiamu iliyofungwa ndani ya punje hizo haikingi tena uso wa chuma. Ndiyo maana aina ya 440C, yenye chromiamu ya asilimia 16 hadi 18 lakini kaboni ya karibu asilimia moja, hushika madoa baharini kuliko anavyotarajia mtu aliyesoma hesabu yake kwa haraka. Watengenezaji wa vyuma vya siku hizi walilitatua jambo hilo kwa kupunguza kaboni na kutia naitrojeni, ambayo hukaza chuma bila kuinyang'anya chromiamu uhuru wake kwa kiwango kilekile. LC200N ni mfano mzuri: kaboni yake ni karibu asilimia 0.3, naitrojeni karibu 0.4 na chromiamu karibu 15, na visu vyake hukaa kwenye maji ya chumvi kwa siku nyingi bila kubadilika. Kuna pia H1 ya Japani, lakini hiyo hukazwa kwa kushindiliwa ikiwa baridi kiwandani wala si kwa moto, kwa hiyo karakana ndogo haina la kufanya nayo. Titani haishiki kutu baharini na haivutwi na sumaku, sifa inayowafanya wazamiaji wanaotegua mabomu ya majini waipende, ila makali yake hulegea upesi mno kwa anayekata kamba kila wiki.

Shauri langu ni hili: kwa bahari, tumia LC200N ukiweza kuipata na kuilipia, kwa ziwa, mto na bwawa, 14C28N inayotengenezwa Uswidi inatosha, na hata baharini huvumilia ikioshwa kila baada ya kazi. Ina kaboni asilimia 0.62, chromiamu 14 na naitrojeni 0.11, husagika bila ukaidi, na bei yake haitishi. Hatua zinazofuata nimeziandika kwa kuifikiria hiyo. Agiza bamba lililolegezwa, yaani lisilokazwa bado, lenye unene wa milimita 3.5 hadi 4, upana wa milimita 40 na urefu wa milimita 250. Muuzaji wa mabomba akikupa kipande cha stenlesi ya namba 316 kwa kuwa kinang'aa na hakishiki kutu, mshukuru na ukirudishe, kwa sababu chuma hicho hakikazi kwa moto hata ukikichoma wiki nzima.

Tatu, mchoro na kisu cha mbao

Chora kisu kizima kwenye karatasi ngumu kwa vipimo halisi. Urefu wa jumla uwe kama sentimita 22, sehemu ya makali sentimita 9 hadi 10, upana milimita 30, na mpini milimita 115 hadi 120 ili ngumi yenye glovu ienee. Bamba liwe moja tangu ncha hadi kitakoni, na mkia wake uwe na upana wote wa mpini, kwa kuwa mkia mwembamba uliochomekwa ndani ya mpini ni maficho ya maji na mahali pa kuvunjikia.

Ncha iwe butu. Mwokoaji hupitisha makali kati ya mkanda na kifua cha mtu, karibu na mipira ya hewa na mfuko wa jaketi lake mwenyewe, tena bila kuona, na ncha kali mahali hapo humfanya mwathirika awe majeruhi. Mimi hupendelea ncha ya patasi: iliyokatwa mraba, isiyonolewa, yenye pembe zilizoviringwa. Ncha hiyo hubenua, hukwangua, na huvumilia kazi ambayo ingevunja ncha nyembamba.

Meno yawekwe kwenye nusu ya makali iliyo karibu na mpini, ambako nguvu ya mkono ni kubwa zaidi, na nusu ya mbele iachwe makali ya kawaida. Visu vingi vya dukani huweka meno mgongoni ili vionekane vya kijeshi. Usiige. Mgongo ni mahali pa kuegemeza kidole gumba, na wakati mwingine kiganja cha mkono wa pili, na mzamiaji asiyeona hapaswi kukumbuka upande upi unauma. Kitu pekee ninachokiruhusu mgongoni ni mfuo wa kukatia mshipi: uwazi wa milimita 4, kina cha milimita 8, ulio karibu na ncha na kinywa chake kikielekea nyuma upande wa mpini, ili uzi unaswe kisu kinapovutwa. Milimita 4 ni nyembamba kiasi kwamba kidole chenye glovu hakiingii. Usiupanue ili uchukue mkanda wa gari, maana ukiupanua utakuwa umetengeneza mdomo wa kula vidole.

Kabla ya kugusa chuma, kata mchoro huo kwenye ubao mwembamba, ubandike mbao za mpini kila upande, kisha mpe mzamiaji avae glovu zake, afumbe macho, na akitafute kisu hicho cha mbao ndani ya ndoo ya maji. Akikishika kinyume hata mara moja katika kumi, umbo la mpini halijakomaa. Jaribio hili halina gharama yoyote na limeniokolea mabamba mengi.

Nne, kukata, kutoboa na kusaga

Bandika kiolezo kwenye bamba, chora kwa msumari mgumu, ukate kwa grainda na diski nyembamba ya stenlesi huku ukiacha milimita moja nje ya mstari, kisha usogee hadi mstarini kwa mkanda wa msasa au tupa. Diski, mikanda na brashi za waya zilizokwisha kutumika kwenye chuma cha kawaida zisikiguse kisu hiki, kwa kuwa huacha chembe zinazoshika kutu juu ya chuma kisicho na hatia, na utalaumu kiwanda bure. Toboa matundu sasa, kwa mwendo wa polepole na mafuta, kwa sababu baada ya kukazwa hakuna biti ya kawaida itakayoingia: matatu ya skrubu za mpini na moja la milimita 6 kitakoni.

Paka wino ukingo wa makali, kisha chora mistari miwili sambamba katikati ya unene, ikiachana kwa milimita 0.6. Saga mteremko upande mmoja hadi mstari wake, geuza, saga wa pili, ukibadilisha upande mara kwa mara ili bamba lisipinde. Usishuke chini ya milimita hizo 0.6 kabla ya kukaza. Ukingo mwembamba hujikunja kwenye joto kama ukingo wa chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango.

Meno hukatwa kwa tupa ya duara yenye kipenyo cha milimita 5 au 6, kama ile ya kunolea misumeno ya injini, na kwa upande mmoja tu wa makali. Weka alama kila baada ya milimita 6, shika tupa kwa mlalo uleule kila mara, na ushuke kina cha milimita 2. Vilele vya meno visiachwe vikali kama sindano. Vipitishe kwenye msasa mara moja ili viwe butu kidogo, kwa sababu kilele chenye ncha huchoma ndani ya mkanda na kukwama humo, ilhali kilele butu huteleza na kuliachia bonde la jino likate. Hili huonekana dogo mpaka umwone mtu akivuta mkanda wote pamoja na kisu bila kukata kitu. Mwisho, viringa kingo zote za mgongo na za ncha mpaka uweze kuzipitisha kwa nguvu juu ya ngozi ya mkono wako bila alama, na usafishe mikwaruzo yote hadi msasa namba 240, kwa sababu mikwaruzo iliyobaki itakuwa migumu maradufu baada ya moto.

Tano, kukaza kwa moto

Usilifanye jambo hili kwenye jiko la mkaa. Springi huvumilia jicho la mhunzi, lakini 14C28N inataka nyuzijoto 1060 hadi 1080 za Selsiasi, kwa dakika chache zinazotegemea unene, na hewa isiifikie, la sivyo uso wake hupoteza kaboni na kuachwa laini. Tafuta karakana inayotengeneza kalibu za viwandani au chuo cha ufundi chenye tanuri la umeme linalodhibitiwa, na uwapelekee maelekezo kwa maandishi: kisu kifungwe ndani ya karatasi nyembamba ya stenlesi iliyokunjwa vizuri; kikitoka kibanwe mara moja kati ya mabamba mawili mazito ya alumini ili kipoe haraka na kibaki kimenyooka; kisha kipozwe zaidi, kwa barafu kavu ndani ya spiriti ikipatikana, au angalau kwenye friza, ili sehemu ya chuma ambayo haijageuka kuwa ngumu imalizie kugeuka; na mwisho kilegezwe kidogo tu, ili kisivunjike kama kioo, kwa saa mbili katika nyuzijoto kati ya 175 na 225. Mimi huchagua upande wa juu wa kipimo hicho, unaotoa ugumu wa kama 57 hadi 59 kwa kipimo cha Rockwell C, kwa sababu mzamiaji atabenua hata ukimkataza.

Wasikubali, kwa ajili ya kukifanya kisu kiwe kigumu kuvunjika, kukilegeza katika nyuzijoto 450 au 500. Katika joto hilo chromiamu hufungwa tena ndani ya punje ndogondogo na kisu hupoteza sehemu kubwa ya kinga yake dhidi ya kutu, hata kama kitaonekana kilekile. Kikirudi, pitisha tupa kwenye ukingo: ikiteleza kama juu ya kioo, kimekaza, ikiuma, kirudishe.

Sita, kumalizia uso

Kuanzia sasa joto ni adui. Unaposaga, chovya kisu majini kila baada ya mpito mmoja, ushike karibu na ukingo kwa vidole visivyo na glovu, na usimame pale vidole vinapolalamika. Punguza ukingo hadi milimita 0.4, kisha maliza kwa mkono na msasa namba 400 hadi 600, ukielekea upande mmoja wa urefu. Uso laini haushiki chumvi. Ule weusi wa kupuliziwa mchanga unaopendwa kwenye picha una maelfu ya vishimo, na kila kishimo ni kitalu cha kutu.

Osha kwa sabuni, futa kwa asetoni, kisha kiloweke kisu katika maji ya uvuguvugu, kama nyuzijoto 45, yenye asidi ya sitriki: gramu 100 za unga katika mililita 900 za maji, kwa dakika 20 hadi 30. Ni unga uleule unaouzwa kwa watengenezaji wa juisi na achari. Asidi hiyo huyeyusha chembe za chuma cha kawaida zilizobaki usoni na kuiacha chromiamu ijenge utando wake. Ukiona mapovu au uso ukigeuka mweusi, kitoe mara moja na ukisuuze. Baada ya hapo kikaushe na usikishike mwilini mpaka mpini ubandikwe.

Saba, mpini

Mbao zetu ni nzuri na mpingo ni mzuri kuliko zote, mzito kiasi kwamba huzama majini, lakini mafuta yake huikataa gundi na kisu hiki si cha ukutani. Tumia G10, yaani kitambaa cha nyuzi za kioo kilichoshindiliwa kwa resini, vipande viwili vyenye unene wa milimita 6. Vumbi lake huumiza mapafu, kwa hiyo kata na saga kikiwa kimelowa, ukiwa umevaa barakoa ya kuchuja vumbi, na usiifagie karakana baadaye, bali ipige deki. Rangi iwe ya manjano au ya kijani kinachowaka. Nyekundu, ambayo nchi kavu huonekana kwanza, majini ndiyo hufifia kwanza, na mita kumi chini hufanana na tope.

Adui mkubwa hapa ni mwanya mwembamba. Maji ya chumvi yakiingia kati ya bamba na mpini hukosa hewa mpya, na utando unaokinga chuma, ambao huhitaji oksijeni ili ujirekebishe, hufa mahali hapo na kutu huanza kuchimba bila mtu kuona. Kwa hiyo kwaruza pande zote mbili za mkia kwa msasa namba 80, futa kwa asetoni, paka epoksi ya kukauka polepole mpaka ijae hadi pembeni, kaza skrubu za stenlesi ya A4, ile ya kustahimili bahari, au za titani zikiwa zimepakwa epoksi hiyohiyo, na ubane kwa vibano laini. Usikaze kupita kiasi, kwa kuwa gundi yote itatoka na mwanya utabaki mtupu. Acha saa 24. Ribiti za shaba nyeupe au nyekundu zisitumike, maana metali mbili tofauti ndani ya maji ya chumvi huwa betri, na moja kati yao huliwa.

Chonga mpini uwe wa yai, si wa duara, ili kiganja kijue makali yanaelekea wapi. Mbele uache kikinga kinachotokeza milimita 8 upande wa makali ili vidole visiteleze, na kwenye upande wa mgongo chimba mikato mitatu yenye kina cha milimita moja pale kidole gumba kinapotua. Mikato hiyo mitatu ndiyo macho ya kisu gizani. Maliza kwa msasa namba 80 na uache hivyohivyo, kwa sababu mpini unaong'aa huteleza kama sabuni.

Nane, ala

Nimeona visu vizuri vikiharibiwa na ala mbaya mara nyingi kuliko kinyume chake. Zungushia kisu tabaka mbili za utepe wa karatasi ili kupata nafasi, pasha bamba la Kydex, yaani plastiki ngumu inayolainika kwa joto, la milimita 2 kwenye oveni hadi kama nyuzijoto 160 mpaka lilegee kama ngozi, lizungushie kisu, na ubane kati ya mbao mbili zilizowekewa sponji ya godoro mpaka lipoe. Asiye na Kydex hutumia bomba la PVC lililopasuliwa na kunyooshwa kwa joto, na linafaa, mradi lisiungue, kwa kuwa moshi wake ni sumu. Toboa matundu mawili ya milimita 6 chini kabisa ili maji na mchanga vitoke.

Ala ishike kwa sauti ya "tak" kisu kinapoingia. Igeuze, itikise, ruka nayo, kisitoke. Kisha, ukiwa na glovu, kivute kwa mkono mmoja, na uache nafasi ya kidole gumba kusukuma ukingo wa ala wakati wa kuvuta. Ikihitaji mikono miwili, pasha sehemu ya kushikia kwa joto kidogo na uilegeze. Tundika ala kifuani au kiunoni, katikati, mahali mikono yote miwili inapofika. Mguuni ni mbali sana kwa mtu aliyenaswa, na ala iliyo nje ya shavu la mguu ndiyo hunasa uzi wa kwanza.

Katika tundu la kitakoni weka pete iliyokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, wala si kamba ya nailoni. Mpira ukivishwa mkononi huzuia kisu kuzama kikiponyoka, na pete hiyo ikinaswa hukatika yenyewe kabla haijamfunga mzamiaji kwenye kile alichokuja kukikata.

Tisa, kunoa

Noa mwisho, si mapema, ili usijikate wakati wa kazi nyingine. Nusu ya mbele inolewe kwa digrii 20 kila upande, juu ya jiwe la namba 400, na usiendelee hadi yang'ae kama kioo. Makali yaliyong'arishwa sana hunyoa vizuri na huteleza juu ya kamba iliyolowa. Yale yenye ukwaruzo mdogo huishika. Meno yanolewe upande uliochongwa tu, kwa msasa namba 600 uliozungushiwa spoku ya baiskeli, kisha upande wa pili upapaswe mara moja ukiwa bapa kwenye jiwe kuondoa mabaki. Mfuo wa mshipi nao hunolewa kwa spoku hiyohiyo, na ndiyo sehemu inayosahauliwa zaidi.

Kumi, jaribu kabla ya kukabidhi

Jaza beseni kubwa maji ya chumvi. Tafuta kipande cha mkanda wa gari kutoka kwa wauza vyuma chakavu, kamba ya nailoni ya milimita 12, wavu wa timba na mshipi mnene, vifunge kwenye kipande cha mbao chini ya maji, vaa glovu, fumba macho. Kipimo changu ni mivuto miwili kwa mkanda uliokazwa na mivuto mitatu kwa kamba. Mshipi ukatike kwenye mfuo kwa mvuto mmoja. Kisu kikishindwa, kasoro huwa karibu kila mara kwenye vilele vya meno au kwenye ukingo ulioachwa mnene, mara chache sana kwenye chuma. Mwite pia mtu ambaye hajawahi kukiona, mpe maelezo ya sentensi moja, na umtazame bila kumsahihisha. Ajali ya ndege ya Novemba 2022 karibu na uwanja wa Bukoba ilitukumbusha kwamba wanaotangulia kufika huwa wavuvi wenye mitumbwi, na kisu hiki kinaweza kuishia mkononi mwa mtu wa namna hiyo.

Baada ya hapo kiache ndani ya ala, ndani ya maji ya bahari, kwa saa 48, kisha kikitoe na ukiweke hewani kwa siku nzima bila kukisuuza. Chunguza mashimo ya skrubu, mabonde ya meno na mpaka wa mpini na chuma kwa kioo cha kukuzia. Doa jepesi la rangi ya chai linalofutika kwa kidole si kosa, bali ni ukumbusho wa kurudia asidi. Shimo, hata dogo kama kichwa cha sindano, litakua, na kisu hicho hakikabidhiwi.

Mzamiaji naye aambiwe mambo mawili na asainishwe ukiweza: baada ya kila kazi kisu kitolewe ndani ya ala, vyote viwili visuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi na vikaushwe kila kimoja peke yake, na kila mwezi meno yapitishwe spoku, hata kama hayajatumika. Mafuta kidogo ya kupikia yanatosha kwenye makali. Kuhusu kile kisu changu cha springi, bado ninacho karakanani, kimelala ndani ya nusu ya ala yake iliyopasuliwa, na nakitumia kufungulia makopo ya rangi.